Kipunguza Sauti

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na Dokta Macho alilisingizia waya. Ilikuwa alasiri ya Jumapili, mvua inapiga bati, naye amejifungia kwenye chumba cha nyuma anasikiliza muziki kupitia amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. Sauti ikashuka. Haikukatika, ilishuka pole pole, kama vile kuna mtu anaipunguza kwa kidole kimoja huku akimtazama usoni. Kwenye kidirisha cha mbele tarakimu nyekundu zikarudi nyuma moja baada ya nyingine mpaka ikabaki sufuri peke yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Aliweka kikombe chini, akazungusha kizungusho, namba ikapanda na muziki ukarudi. Akajisemea kwamba waya umelegea, akachukua bisibisi.

Hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa miwani mwenye duka jembamba kama ujia karibu na kituo cha mabasi; anawakalisha watu kitini, anawasomesha herufi za ukutani, anawakatia vioo. Wateja ndio waliompa jina hilo, likamganda. Lakini moyo wake haukuwa kwenye macho ya watu. Kila akitoka kazini alipitiliza moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akawasha chuma cha kulehemu, na kuanzia hapo kumwita kula ilikuwa kazi ya kumfuata na kumgusa bega.

Safari hii alikuwa ametaka kitu safi. Vile vizungusho vya zamani, ambamo muziki wenyewe hupita, huchakaa. Ukivigusa baada ya miaka michache vinakwaruza kama mtu anayeburuza kiti sakafuni. Kwa hiyo alifunga chipu, kidude cheusi chenye miguu mingi kama mdudu, na hicho ndicho kilichopunguza na kuongeza sauti. Kizungusho cha nje hakikugusa muziki hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutoa amri. Ukikizungusha, namba inasafiri kwenye waya tatu nyembamba mpaka kwa chipu, na chipu inatii. Namba kubwa, sauti kubwa. Sufuri, kimya. Alimweleza mkewe jambo hilo kwa furaha kubwa, na mkewe, aliyekuwa fundi cherehani na alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza jioni hiyo, alimjibu bila kuinua uso kwamba angalau sasa nyumba hii imepata mmoja anayetii akiambiwa.

Chipu yenyewe hakuinunua dukani. Aliitoa kwenye bodi iliyokuwa ndani ya amplifaya mbovu aliyoikuta kwa Kutu, muuza vyuma chakavu. Kutu alimsimulia kwamba aliyemletea ni mjane mmoja bubu, na kwamba yule mama alikuwa akiigusa ile bodi kwa kidole na kutikisa kichwa, anatikisa tu. Kutu alidhani anakataa bei, akamwongezea. Wakacheka wote wawili. Bodi ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi, raundi juu ya raundi, na Dokta Macho aliukata kwa mkasi wa mkewe akidhani ni kazi ya fundi aliyeishiwa skrubu.

Ndani ya nyumba hiyo waliishi wanne: yeye, mkewe, binti yao mdogo waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake, na mama mkwe. Mama mkwe alikuja kumsaidia bintiye alipojifungua. Kidoti sasa alikuwa anakimbia na anaimba, na bibi yake bado alikuwa hajaona sababu ya kuondoka. Alikuwa na sauti ya kupenya ukuta. Chumba cha nyuma alikiita hospitali ya redio. Akipita mlangoni alikuwa akiuliza, kwa sauti ambayo majirani walikuwa na nafasi ya kuijibu, kama mgonjwa ameamka, na kama daktari anajua kuwa bomba la jikoni linavuja, na kama kuna mwanamume mwingine katika dunia hii anayejifungia na waya wakati mkewe anashona mpaka vidole vinavimba.

Hakumjibu. Hakuwahi kumjibu. Alikuwa anainamisha kichwa, anaendelea kulehemu, na chuki yake anaihifadhi.

Siku chache baada ya ile Jumapili, mama mkwe alisimama nyuma ya mlango uliofungwa akaanza. Safari hiyo alimwingiza marehemu mama mzazi wa Dokta Macho, akasema hakumfundisha mwanawe kazi. Dokta Macho aliinamia amplifaya iliyokuwa imewashwa bila muziki wowote, akasema chini chini, "Laiti ningepata cha kukupunguza wewe." Akazungusha kizungusho kuelekea kushoto, kwa hasira tu, kama mtu anayepiga meza.

Namba ikashuka. Na nyuma ya mlango, sauti ya mama mkwe ikashuka nayo.

Aliganda. Akazungusha tena kidogo. Yule mama alikuwa bado anasema, kwa kasi ileile na kwa uchungu uleule, ila sasa alisikika kama mtu aliye nyumba ya tatu. Dokta Macho alizungusha kurudi kulia. Namba haikupanda. Ilikataa. Akasikia mlango wa jikoni ukifungwa, halafu kikohozi kidogo cha mtu anayejaribu kusafisha koo.

Kesho yake mama mkwe alikuwa ananong'ona. Alidhani ni mafua, akawa anakunywa maji ya moto na asali, shingo ameifunga kitambaa. Mkewe alitaka apelekwe hospitali, na alipelekwa, wakamtazama koo wakasema halina kitu. Dokta Macho alisikiliza taarifa hiyo akiwa anakula, na ukweli ni kwamba chakula kilimshuka vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu Kidoti azaliwe aliweza kusikia saa ya ukutani. Alijiambia kwamba mambo mawili yametokea kwa pamoja, basi. Lakini hakuzima amplifaya siku hiyo, na alipoinuka kwenda kulala aliigonga kidogo kwa kidole, kama anavyofanyiwa mbwa mtiifu.

Kilichofuata hakukiamuru.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani asubuhi moja, akakanyaga, na sindano ikaanza kupanda na kushuka kwenye kitambaa bila mlio. Alisimamisha, akaangalia mkanda, akatia mafuta. Akakanyaga tena. Mshono ulitoka sawasawa, gurudumu lilizunguka, na cherehani nzima ilikuwa kimya kama picha. Alimwita mama yake aone. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakujisikia alipoita. Akaita tena, akahisi koo lake likitetemeka chini ya vidole vyake, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono mwembamba kama wa mtu anayezungumza ndani ya mto wa kulalia.

Alikimbilia duka la miwani akiwa na kandambili. Dokta Macho alikuwa na mteja kitini. Mkewe alimvuta kwenye kona, akamwekea mdomo sikioni na kumweleza. Yeye alimwambia labda ni yale mafua ya mama. Mkewe akasema neno moja, kwa ile sauti iliyobaki:

"Cherehani nayo ina mafua?"

Alifunga duka. Walirudi pamoja, na walipofungua mlango wa mbele walikutana na harufu, harufu ya nywele zilizoungua iliyochanganyika na unyevu wa chumba kilichofungwa miaka. Ilitoka nyuma. Alimwacha mkewe sebuleni, akaenda. Amplifaya ilikuwa inawaka, na namba ilikuwa ndogo sana. Spika zilikuwa zinatoa kitu. Alisogeza sikio. Haukuwa mngurumo wa transfoma, anaujua. Haukuwa mvumo wa waya uliokaa vibaya, nao anaujua. Ilikuwa sauti ya koo. Mtu alikuwa anameza, anapumzika, anameza tena, bila haraka, kama anayekula peke yake akijua chakula hakitamwishia.

Alichomoa plagi ukutani. Tarakimu nyekundu hazikuzimika.

Alikuwa amesimama na plagi mkononi aliposhtuka kwamba kuna kitu hakimo ndani ya nyumba, na ilimchukua muda kujua ni nini: Kidoti. Mtoto huyo hakuwahi kukaa kimya akiwa macho. Alitoka mbio, akagongana na mkewe kwenye korido, kila mmoja akamsoma mwenzake usoni, wakaanza kufungua milango, chumba cha bibi, ambamo bibi alikuwa amelala kwa dawa za koo, bafu, jikoni, na kwenye chumba chao wakamkuta amesimama kando ya kabati, mlango mzito wa kabati umembana vidole vya mkono wa kulia, mdomo umeachama mpaka mwisho, uso umeloa machozi na kamasi, mishipa ya shingo imesimama kwa kulia, na hakuna hata chembe ya sauti iliyokuwa ikitoka, wala hawakujua amelia hivyo kwa muda gani, isipokuwa kucha zilikuwa zimekwisha kuwa za buluu.

Mkewe alimkomboa, akamkumbatia, akakaa naye sakafuni. Mtoto aliendelea kulia mdomo wazi. Ilikuwa kama kutazama samaki nje ya maji.

Dokta Macho alirudi chumba cha nyuma na nyundo. Kabla hajaiinua alitaka kwanza aitoe ile chipu, maana aliogopa kwamba akiivunja ikiwa na sauti ya mwanawe ndani, sauti itavunjika nayo. Akawasha chuma cha kulehemu. Kilipata moto, kikatoa moshi kwenye sponji ya kufutia ncha, lakini kila alipokigusisha kwenye miguu ya chipu kilipoa papo hapo, na ubaridi ukapanda kwenye mpini mpaka kwenye kiwiko chake. Risasi ya kulehemu haikuyeyuka. Mkewe alikuwa amefika mlangoni, mtoto begani, na nyuma yake mama mkwe akijishikiza ukutani. Ndipo spika zikasema. Zilisema kwa sauti yake yeye Dokta Macho, safi, bila mkwaruzo, sauti ambayo angejivunia siku nyingine yoyote:

"Laiti ningepata cha kukupunguza wewe."

Spika zikarudia. Zikarudia tena, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka vikombe vikacheza kwenye kabati, mpaka hapakuwa na mtu mle ndani asiyeelewa ni nani alisema na alimsema nani.

Mama mkwe hakuwa na sauti ya kujibu. Alimtazama tu. Macho yake yalitembea kutoka kwa mkwewe mpaka kwa mjukuu, kwenye vile vidole vidogo vilivyovimba, na yakarudi. Mkewe hakumtazama kabisa.

Dokta Macho alikwenda kwa Kutu jua likiwa bado kali. Alimkuta anapima shaba, akamshika mkono, akamuuliza kuhusu yule mjane. Kutu alitaka kufanya mzaha, akaacha. Akasema, kwa kweli, alikuja kuambiwa baadaye na jirani wa yule mama. Hakuzaliwa bubu. Alikuwa akiuza nguo sokoni, anaita wateja mpaka mwisho wa barabara. Mumewe ndiye aliyekuwa na vyombo vya muziki, na mumewe alikuwa mtu aliyependa kimya nyumbani kwake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni maneno ya watu," Kutu alisema, na hakumtazama.

Lakini alimwambia jambo moja la msaada. Shangazi yake alikuwa mganga, mama mtu mzima asiyependa watu wala mizaha, na alikuwa akiwatoa majini kwenye nyumba ambazo wengine walishindwa. Kutu alifunga banda, akampeleka mwenyewe.

Mganga alikuja kesho yake mchana. Hakusalimia. Aliingia chumba cha nyuma, akanusa, akaiangalia amplifaya kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake. Akauliza nani alikata uzi. Dokta Macho akasema ni yeye. Mganga akamwambia basi yeye ndiye aliyemfungulia mlango, na kwamba aliyemfungulia ndiye aliyemlisha kwanza, na mtu akishalishwa kwenye nyumba hawezi tena kukaa na njaa. Kuna majini yanayotaka damu, alisema, kuna yanayotaka manukato, na kuna machache, yale mabaya zaidi, yanayokula sauti za watu. Huyu ni mmoja wa hayo. Anakaa mahali ambapo watu wameacha kusemezana kwa wema.

Kisha akawapa sharti, na akalirudia kwa kila mmoja akimshika kidevu. Yeye mganga atakapoanza kumbana, jini atasema nao. Atatumia sauti za watu wanaowajua, kwa sababu hana yake. Atatukana, atabembeleza, ataita. Wasimjibu. Si kwa neno, si kwa mguno. "Sauti alizonazo sasa ameziiba, naweza kumnyang'anya," alisema. "Ila atakayemjibu atakuwa amempa. Ya kupewa siwezi kuirudisha."

Aliwaketisha sakafuni, migongo ukutani. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akamimina maji ya chumvi kuizunguka amplifaya, na akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Nje watu walikuwa wanapita, mtu mmoja alikuwa anapiga kengele ya baiskeli, jua lilikuwa limekaa juu ya dirisha. Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Halafu namba ikaanza kupanda.

Ilianza na sauti ya mama mkwe, ile ya zamani, ya kupenya ukuta, ikimwambia bintiye kwamba aliolewa na kiti, kwamba kiti kingekuwa na faida zaidi maana kinakaliwa, na Dokta Macho aliyasikia maneno ambayo hakuwahi kuambiwa usoni, yaliyosemwa jikoni yeye akiwa kazini, maneno kuhusu kipato chake na mikono yake na jinsi anavyotafuna, kisha ikageuka ikawa sauti ya mkewe ikijibu kwamba anajua, mama, anajua, angekuwa na pa kwenda angekwishaondoka, na mkewe akafumba macho pale ukutani, midomo ameikaza mpaka imekuwa myeupe, naye Dokta Macho akahisi jibu likimpanda kifuani kama kitu kilicho hai, akajiuma ulimi, wakati mganga anasoma kwa nguvu zaidi na ubani unazidi kuwa mzito mpaka spika zenyewe hazionekani vizuri, na kutoka ndani ya moshi huo sauti zikaja kwa pamoja, zikipandana, za wateja, za majirani, za mwanamke mmoja anayeita wateja wa nguo kwa madaha ya sokoni, ya mwanamume anayemwambia anyamaze, anyamaze, anyamaze, na harufu ya nywele zilizoungua ikawa kali kiasi cha kuwatoa machozi, na bado hakuna aliyejibu.

Kisha zote zikanyamaza, na sauti moja ndogo ikasema kwenye spika ya kushoto, ile iliyokuwa karibu na goti lake.

"Baba, inauma. Baba, uko wapi?"

Kidoti alikuwa mapajani mwa mama yake, mbele ya macho yake, vidole vimefungwa bandeji, mdomo ameufumba. Aliona hivyo. Alijua. Lakini ndiyo sauti aliyokuwa hajaisikia tangu jana, ndiyo iliyolia kabatini bila mtu kuja, na ilimwita tena, ikikwamakwama kwa kwikwi, ikimuuliza kama amemkasirikia. Mganga alikuwa ameinua sauti na anapiga sakafu kwa kiganja. Hakuna ambaye angesikia. Dokta Macho aliinamisha kichwa, akasema, kwa mnong'ono:

"Nipo hapa, mwanangu."

Spika zikatulia. Tarakimu zikazimika. Mganga akaruka, akashika chipu kwa vidole vyake, ikatoka kwenye bodi kama jino bovu, akaiweka juu ya kizingiti na kuipiga nyundo mpaka ikawa unga. Na sebuleni, cherehani ambayo hakuna aliyeigusa ikapiga mlio mmoja, na Kidoti akaachama na kulia, kwa sauti, kilio kirefu cha jana na leo, na mama yake akalia naye, na bibi yake akasema, "Alhamdulillahi," na majirani wakaisikia.

Mganga alifuta jasho. Aliwauliza kama kuna yeyote aliyemjibu. Mkewe alitikisa kichwa. Mama mkwe alitikisa kichwa. Mganga akamgeukia Dokta Macho akamtazama muda mrefu zaidi. Dokta Macho alikuwa amefedheheka vya kutosha siku hiyo. Alisema hapana, na sauti yake ilitoka vizuri tu, kwa hiyo hata yeye mwenyewe aliamini hakuna kilichotokea.

Kabla ya jioni mama mkwe alikuwa amefunga mizigo, yake na ya bintiye na ya mtoto. Hakumtukana. Alikuwa amerudishiwa sauti yote na hakuitumia kwake hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Mkewe alibeba cherehani mwenyewe mpaka kwenye gari. Alimwambia wanakwenda kwa mama, ng'ambo ya mji, na akitaka kumwona mtoto apige simu kwanza.

Alipiga kila jioni, kwa siku za mwanzo. Mkewe alikuwa anajibu kwa ufupi na kumpa mtoto simu. Halafu jioni moja akamwambia aongee kwa nguvu, mtandao mbaya. Jioni iliyofuata mkewe alisema haloo, haloo, akakata.

Dukani wateja walianza kumwinamia. Unasemaje, Dokta? Mzee mmoja alitania kwamba miwani anazo, sasa auziwe na masikio. Dokta Macho alikunywa maji ya moto na asali. Alijifungia chooni nyuma ya duka akapiga ukelele, akiwa ameshika koo, na kilichogonga kuta kilikuwa hewa tu. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza sauti iliposhuka, lakini kwenda kwa mganga kulikuwa na maana ya kusimama mbele ya yule mama na kukiri kwamba alimdanganya, na kila asubuhi alijipa siku moja zaidi.

Asubuhi ambayo hakubakiwa na kitu, alimkalisha mteja kitini, akamwonyesha herufi ukutani, akafungua mdomo kumwambia asome, na mteja akabaki anamsubiri. Akasubiri, akamgeukia, akamuuliza kama anajisikia vibaya. Dokta Macho akainua kidole kumwomba radhi, akaingia nyuma ya pazia, akatoa simu. Alimwandikia mkewe ukweli wote: kwamba siku ile alimjibu yule kiumbe, kwamba sauti imekwenda, kwamba hawezi tena kupiga simu, amsamehe, amtafutie mganga.

Jibu lilikuja upesi.

"Baba Kidoti mbona unanichanganya. Huwezi kupiga vipi, na wiki nzima tunaongea kila siku? Si umenipigia asubuhi hii hii, umeniomba msamaha vizuri mpaka mama naye amelainika."

Aliisoma huku amesimama. Akasikia mteja akikohoa kule mbele. Alianza kuandika, akakosea, akafuta, akaanza upya, na kabla hajafika mwisho wa neno la kwanza ujumbe mwingine ukaingia juu yake.

"Na acha utani, nimeshakusikia unapiga hodi. Kidoti amekimbia kukufungulia."

Akasukuma pazia akatoka, akampita mteja, akaingia barabarani anakimbia kuelekea ng'ambo ya mji huku analiita jina la mwanawe kwa nguvu zote za kifua chake, na katika umati wote ule wa kituo cha mabasi hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza kichwa.